Walizika Mgomba Badala ya Titi Langu

Sehemu ya Saba

Kama gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa maandazi kabla hujalisoma, usijali, nakupa kwa kifupi. Mimi ni Restuta, mama ntilie wa Lusahunga, miaka thelathini na minane, mke wa Juvenali wa Nyakisasa. Uvimbe uliniota kwenye titi la kushoto, nikakaa nao mwaka mzima nikiudhania jipu lenye aibu. Kuanzia mwezi wa tano nikatundikiwa dripu sita katika hospitali kubwa huko Mwanza. Nywele zikatoka, nyusi zikafuata, na madereva wa malori wakaanza kuniita Mheshimiwa Kipara huku wakidai niwaongezee wali. Kisha titi likakatwa.

Niliwaacha pale wodini. Mimi kitandani na bandeji, mama mkwe wangu, Mama Niragira, kasimama mlangoni na kanga mpya mkononi, akimuuliza daktari swali lililoinyamazisha wodi nzima.

"Liko wapi?"

"Nini, mama?"

"Titi la mkaza mwanangu. Nimekuja kulichukua."

Daktari alikuwa kijana mpole ambaye miwani haikumkaa puani. Akaeleza taratibu kwamba titi limepelekwa maabara kupimwa.

"Mnapima nini tena na mmeshalikata?" mama mkwe akauliza. "Ng'ombe akishachinjwa anapimwa homa?"

Nesi Joyceline, aliyekuwa akinipima presha, alitoka nje akiwa amejiziba mdomo. Nilikisikia kicheko chake mpaka mwisho wa korido. Mimi sikuweza kucheka kwa sababu nyuzi zilikuwa zinauma.

Mama mkwe akarudi Nyakisasa na kanga tupu, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Inabidi mumwelewe. Mama Niragira aliingia Tanzania kutoka Burundi akiwa mgongoni mwa mama yake, na mengi ya kwao yaliingia naye. Katika ukoo wake, mtu akifia mbali na mwili usirudi, unazikwa mgomba badala yake. Unaliliwa, matanga yanawekwa, siku ikifika yanaondolewa, basi. Kaka yake alizikwa hivyo nyuma ya nyumba, na mama mkwe husema kwa fahari kwamba mpaka leo hajasumbua mtu.

"Kipande cha mtu hakiachwi ugenini," aliniambia siku niliyotoka hospitali. "Kitamwita mwenyewe. Tutakizika Jumamosi."

"Mama, hicho kipande kiko maabara."

"Ndiyo maana kuna migomba."

Sikubisha. Mtu aliyekatwa titi juzi hana nguvu za kubishana na Mama Niragira. Hata mwenye matiti yote mawili hana.

Jumamosi ikafika. Juvenali akatumwa shambani.

"Uwe mgomba wa kiasi," mama yake akamwagiza. "Titi lenyewe halikuwa kubwa."

Nilikuwa nimekaa pale pale kwenye mkeka, nasikia.

"Lilikuwa la kutosha, Mama," Juvenali akajibu.

Ndugu wasomaji, katika miaka kumi na miwili ya ndoa hiyo ilikuwa mara ya kwanza mume wangu kunitetea mbele ya mama yake. Nilitamani titi liwepo lisikie.

Akarudi na mgomba mchanga begani. Hakuukata, aliung'oa kwa jembe, na kisiki chake na udongo wake, kwa kuwa panga lilikuwa limeazimwa na jirani yetu Ng'washi. Hakuna aliyesema kitu. Naomba mlikumbuke hilo panga, maana litarudi.

Mwalimu Ndikuriyo, katekista wetu, alifika na kitabu chake. Alipoona kinachozikwa akakirudisha mfukoni.

"Mama Niragira, Kanisa halina ibada ya kuzika mgomba."

"Basi liombee shamba."

"Shamba naweza."

Akaliombea shamba, ila alilifanyia maombi hayo akiwa amesimama juu ya shimo, na aliposema amina watu wakaanza kutupia udongo. Mgomba ulivikwa shuka kuukuu. Kanga mpya mama mkwe hakuitoa. Alisema ile ilikuwa ya titi lenyewe, akaikunja na kuirudisha sandukuni.

Ng'washi akaja kwa kuchelewa. Huyu ni Msukuma, familia yao ilihamia hapa na ng'ombe kutoka Shinyanga, na hakuna anayemshinda kwa kulia misibani. Alianza kulia kwenye kona ya njia, kuku kwapani, akafika uwanjani bila kujua amefiwa nani.

"Poleni jamani! Marehemu alikuwa na umri gani?"

Kwa kuwa mfiwa wa karibu nilikuwa mimi, nikajibu mimi. "Thelathini na minane."

"Mdogo hivyo! Ameacha watoto?"

"Mmoja. Iteka. Alimnyonyesha miaka miwili."

Ng'washi akanitazama usoni, akanitazama kifuani, akakaa chini. Alicheka mpaka kuku akamponyoka.

"Restuta, na hilo lililobaki linaendeleaje?"

"Limekuwa mjane," nikamwambia.

Tulicheka wote, hata Mwalimu Ndikuriyo. Nawaeleza haya ili mjue kwamba nyumba yetu haikuwa ya huzuni wakati ule. Tuliamini tumemaliza. Na sasa naingia kwenye lile ninalotaka kuungama, ambalo sijaliungama hata kwa padri.

Alhamisi moja, mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja, nilikwenda Mwanza peke yangu kukaguliwa kidonda. Daktari alikiangalia, akasema kimefunga vizuri. Kisha akavuta kiti karibu, na mimi nimeugua kiasi cha kutosha kujua kwamba daktari akivuta kiti karibu si kwa heri.

"Majibu ya maabara yametoka," akasema. "Dripu ziliupunguza uvimbe sana, lakini hazikuumaliza. Ndani ya titi tumekuta saratani iliyobaki. Na kwenye tezi za kwapani, tatu kati ya kumi na moja."

"Si mmeshazitoa?"

"Hizo tumezitoa. Lakini kama hizo zilistahimili dripu sita, huenda kuna nyingine mwilini tusizoweza kuziona. Haya ni mabaki, Restuta. Hatuwezi kuishia hapa."

Mimi ni mama ntilie, mabaki nayajua. Wali wa mchana ukibaki namuuzia jioni dereva asiye na maswali mengi. Lakini mabaki ya saratani nilikuwa siyajui, wala sikumjua wa kumuuzia.

"Sasa?"

"Mionzi, wiki tano. Baada ya hapo vidonge kwa miezi kadhaa."

"Nisipofanya?"

Akavua miwani. "Ikirudi, huenda isirudi mahali ninapoweza kukata."

Nilipewa karatasi. Jumatatu, tarehe kumi na nne Desemba, saa mbili asubuhi. Nesi Joyceline akanisindikiza mpaka mlangoni na kunishika mkono.

"Dada Restuta, foleni ya mashine ni ya mikoa mingi. Hii nafasi usiichezee."

Nikaikunja ile karatasi, nikaitia kwenye sidiria upande wa kushoto, ambako siku hizi kuna nafasi. Humo tayari kulikuwa na soksi mbili za shule za Iteka, nilizozikunja ili gauni likae vizuri. Karatasi ikalala kati ya soksi. Safari nzima ya kurudi nilipanga maneno: nikifika nawaambia, nikifika nawaambia. Nilifika Ijumaa jioni.

Uani kulikuwa na mitungi minne ya pombe ya ndizi.

Nilikuwa nimesahau. Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya kuondoa matanga ya titi.

Hapa kuna jambo moja sijawaambia. Mama Niragira anaipenda pombe ya ndizi kuliko anavyompenda Juvenali, na Juvenali mwenyewe analijua hilo. Ana mrija wake, mrefu, ambao mtu mwingine haugusi. Siku nilipotundikiwa dripu ya kwanza aliutundika juu ya mlango, akasema hatanywa mpaka ugonjwa wangu uishe. Tangu mwezi wa tano mpaka wa kumi na moja alihudhuria harusi tatu na kipaimara kimoja kwa chai. Watu walikuja kutoka vijiji vya jirani kuhakikisha kwa macho yao.

Jumamosi hiyo nilimkuta akiuosha mrija kwa maji ya moto, anaimba.

"Mama," nikaanza.

"Usinisemeshe, leo nina furaha."

Juvenali alikuwa amenyoa ndevu na kuvaa koti la harusi yetu. Alikuwa anacheka na Mwalimu Ndikuriyo kwa sauti, amerudisha kichwa nyuma, kicheko ambacho nilikuwa sijakisikia tangu siku ya uvimbe. Nilikuwa nimesahau kwamba ana pengo upande wa kulia.

Katika ukoo wao, kabla mtungi haujafunguliwa, mwenye msiba anaulizwa mbele ya watu. Akijibu kwamba yamekwisha, watu wanakunywa na marehemu haliliwi tena. Mama mkwe akasimama katikati ya uwanja, mrija mkononi. Watu kama sitini wakasogea.

"Restuta, yamekwisha?"

Karatasi ilikuwa inanichoma kifuani. Nilifungua mdomo nimwambie hapana. Nikamwona Juvenali, amesimama kwenye koti lake linalombana, ananitazama kama siku alipokuja kunichumbia.

"Yamekwisha," nikasema.

Wakapiga vigelegele. Mama mkwe akachomeka mrija, akafumba macho, akavuta kwa muda mrefu sana. Alipoinua kichwa alikuwa analia. "Mwanangu," akaniambia, na hajawahi kuniita hivyo. Kisha ngoma ikaanza, na katikati ya ngoma soksi moja ikahamia kwapani, nikaonekana nina titi mgongoni. Nilicheza hivyo hivyo. Nilijichukia, lakini nilicheza.

Najua mnasema huyu mwanamke ni mjinga. Nakubali. Nilijipa mpango: nitasema nakwenda Mwanza kununua vyombo vya biashara. Wiki tano za kununua sufuria! Wiki mbili nzima nililala na kuamka na mpango huo na kuuona una akili.

Mvua ikanyesha wiki ile yote. Jumamosi asubuhi, siku mbili kabla ya tarehe yangu, mama mkwe alikwenda nyuma ya nyumba kukinga maji, tukasikia akimwita Mungu kwa Kirundi.

"Mana yanje! Juvenali! Restuta! Njooni! Limeota!"

Tukakimbia. Juu ya kaburi la titi langu lilikuwa limesimama chipukizi la mgomba, kijani kibichi, jani limejisokota, urefu wa kidole. Liko imara, halina hata haya.

Ng'washi alikuwa anapita na ndoo. Akachungulia.

"Hongereni," akasema. "Ni wa kike?"

"Nyamaza!" mama mkwe akafoka. Akamgeukia mwanawe. "Juvenali. Huu mgomba uliukataje?"

"Sikuukata, Mama. Niliung'oa."

"Na kisiki chake?"

"Panga lilikuwa kwa Ng'washi."

"Panga nilirudisha," akasema Ng'washi.

"Ulirudisha Jumapili!"

"Mtoto wa mkulima!" Mama Niragira akachukua jembe akaanza kufukua kwa hasira. "Nimekulea migombani! Unafukia kisiki na macho yake, halafu unaniambia umezika? Umepanda! Umeniliza juu ya mche! Nimelala kwenye majani siku zote zile kwa ajili ya mche!"

Shuka likatokea, limeoza. Chini yake kisiki, kizima, chenye maji, kimetoa mizizi mipya myeupe pande zote.

Nilianza kucheka. Nilicheka nikashika ukuta. Kisha kicheko kikakatika, nikajikuta nimekaa kwenye tope nalia kwa sauti ambayo sikuitambua. Niliogopa. Nawaambia wazi, sijawahi kuogopa vile, hata siku ya kisu. Nilikuwa nakiangalia kile kisiki na kusikia miwani ya daktari ikiwekwa mezani.

"Mama," nikasema, "na mimi hivyo hivyo."

"Hivyo hivyo nini?"

Nikaingiza mkono kifuani. Soksi zikadondoka kwenye tope, karatasi ikabaki mkononi. Nikampa Juvenali asome, maana mama mkwe hasomi. Akasoma kimoyomoyo, midomo ikicheza. Sikumngoja amalize.

"Kuna iliyobaki, Mama. Walikata, lakini kuna iliyobaki. Natakiwa Mwanza keshokutwa kwa mionzi."

Mama Niragira akaegemea jembe. "Hiyo karatasi ni ya lini?"

"Ya kabla ya pombe."

"Kabla."

"Ndiyo, Mama."

"Nilikuuliza mbele ya watu."

"Uliniuliza."

"Nikanywa."

"Ulikunywa, Mama. Nisamehe. Nilimwona Juvenali anacheka nikashindwa."

Akaliacha jembe, akaingia ndani. Ng'washi akaokota soksi, akazipangusa kwa kitenge chake na kunirudishia. Juvenali alibaki ameishika karatasi, uso umempauka. Nilidhani ni hasira. Laiti ingekuwa hasira.

Mama mkwe akatoka na mfuko wa safari. Nikajua ni nguo zangu, nikajua narudishwa kwetu nikiwa na titi moja. Nikaanza kufikiria nitamuaga vipi Iteka. Kisha nikaiona kanga. Ile mpya, ya kwenye sanduku, ameitupia begani.

"Basi la Mwanza linapita Lusahunga saa ngapi?"

"Saa tatu asubuhi."

"Leo tunalala kwenye chumba chako cha Lusahunga, kile unacholala ukiwa kazini. Kesho tunapanda wote wawili." Akanisimamisha kwa mkono mmoja kama mtoto. "Mara ya kwanza kanga hii ilirudi tupu. Safari hii narudi na mtu."

Akachukua mrija wake, akapanda kwenye kigoda, akautundika tena juu ya mlango.

Nilimpenda. Sikuwahi kufikiri nitaandika sentensi hiyo gazetini, lakini nilimpenda Mama Niragira pale pale, na tope miguuni mwake.

"Mama Iteka," Juvenali akasema.

Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Walipiga simu."

"Nani?"

"Yule nesi, Joyceline. Jumatatu iliyopita."

Faili langu hospitalini lina namba ya Juvenali, kwa sababu wiki niliyolazwa simu yangu ilikuwa imetumbukia kwenye sufuria ya maharage.

"Akasemaje?"

"Akauliza kama utafika tarehe kumi na nne."

"Na wewe ukamwambiaje?"

"Nikamwambia umepona. Kwamba tumeshaondoa matanga."

"Juvenali!" mama yake akapiga kelele.

"Akaniambia nikupe ujumbe umpigie mwenyewe kabla ya Jumatano, la sivyo nafasi atapewa mwingine. Nikasema wampe tu, Mungu ambariki." Macho yakamjaa machozi. "Sikuona sababu ya kukusumbua. Ulisema yamekwisha, Mama Iteka. Ulisema mbele ya watu wote wale. Nilifurahi."

Nilitaka kumkasirikia. Nilitafuta hasira kila mahali, sikuipata. Kosa lilikuwa langu kuanzia mwanzo hadi mwisho, yeye aliniamini tu.

Nikachukua simu yake nikapiga. Joyceline akapokea.

"Dada Restuta? Nilingoja mpaka Jumatano jioni. Jina lako limetolewa. Nafasi amepewa mama mmoja wa huko huko kwenu, wa Kabanga."

"Hakuna nyingine?"

"Ya karibu ni mwezi wa pili. Wewe njoo, tutaongea na daktari. Lakini siwezi kukuahidi kitu."

Mama mkwe alikuwa ameweka sikio lake kwenye simu upande wa pili.

"Tunakwenda," akasema. "Mimi huyo daktari ananijua."

Kesho yake saa tatu kasorobo tulikuwa barabarani Lusahunga. Malori ya kwenda Rusumo yalikuwa yamepanga mstari, na madereva wangu wakanipigia honi. "Mheshimiwa Kipara! Utapika lini?" Nikawapungia. Nywele zimeanza kurudi, fupi na laini, lakini cheo kimebaki.

Basi la kutoka Kabanga likafika limejaa. Kondakta akatuonyesha viti viwili nyuma, kwenye safu ya watu watatu. Dirishani alikuwa amekaa mwanamke mdogo kuliko mimi, kitambaa kichwani kimefungwa kwa kubana hadi kwenye masikio, nyusi amezichora kwa wanja. Nikakaa katikati, mama mkwe akakaa pembeni, kanga mapajani.

"Shikamoo, mama," yule mwanamke akamwamkia mama mkwe.

"Marahaba, binti."

Basi likaondoka. Barabara ikaturusha, na mwanamke akapeleka mkono haraka kifuani kurekebisha kitu upande wa kulia. Mimi soksi naijua hata iwe chini ya nguo tatu.

Akaniona nimeona. Akatabasamu.

"Na wewe?"

"Na mimi," nikasema. "La kushoto."

"Basi tukikaa hivi tunatimiza mtu mmoja." Akacheka, akafungua kopo na kunipa ndizi choma. "Naitwa Iradukunda. Natokea Kabanga."

Ndizi nikampitishia mama mkwe.

"Unakwenda kwenye mionzi?" akaniuliza.

"Ndiyo."

"Lini?"

"Sijui bado."

"Usikate tamaa, dada. Mimi niliambiwa nisubiri mpaka mwezi wa pili, na ya kwangu iliyobaki daktari anasema ina haraka. Nililia. Nina mtoto wa miezi kumi na minne, nimemwachia dada yangu, nikajua simwoni akienda shule. Alhamisi nikapigiwa simu. Wakaniambia kuna mama amepona, amerudisha nafasi yake." Akatikisa kichwa. "Unaweza kuamini? Simjui hata jina. Lakini kila asubuhi tangu siku hiyo nampigia magoti. Nasema, Mungu, huyo mama ugonjwa usimrudie, kamwe."

Sikuweza kumtazama. Niliitazama mikono yangu. Upande wangu wa pili Mama Niragira alikuwa ameacha kutafuna. Akaikunja kanga mara moja, akaikunja tena, akaiweka vizuri juu ya magoti, na mimi namjua, akiikunja nguo hivyo ana la kusema.

Nikamkanyaga mguu chini ya kiti. Nilimkanyaga kwa nguvu zangu zote.

Akauondoa mguu. Akainama mbele yangu mpaka akamwona yule mwanamke usoni.

"Binti," akasema, "huyo mama unayemwombea namjua."